MKEO ANA MIMBA NA ANAKWENDA KAZINI: CHAKULA CHAKE KIKO JUU YA NANI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake wote.

Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, maneno ya leo ni marefu, na yatawachoma baadhi yetu, hasa sisi wanaume. Nakuomba usome mpaka mwisho ndipo useme unalotaka kusema.

Imeenea kauli miongoni mwa vijana wetu, na hata watu wazima wenye ndevu nyeupe. Naisikia barazani, naisikia kwenye vikao vya kusuluhisha ndoa, na wapo wanaoipamba kwa jina la dini. Kauli yenyewe ni hii: "Mwanamke akishakuwa na mshahara wake, ajilishe." Anayeisema huisema hata mkewe akiwa na mimba ya miezi sita, anaamka saa kumi alfajiri, anapika, anaosha watoto, anagombania daladala, anasimama kazini kutwa, na akirudi jioni jiko linamsubiri.

Nasema wazi, wala sioni haya: kauli hiyo ni batili. Chakula cha mwanamke mjamzito mwenye mume ni deni juu ya mume wake, hata kama mke ana mshahara mkubwa kuliko wa mumewe. Mwenye kuliacha deni hilo akijua, basi ajiandae na jibu mbele ya Allah. Na tukisema chakula hatusemi kujaza tumbo kwa ugali na mchuzi wa maji. Tunasema chakula kinachomfaa mtu mwenye kubeba roho nyingine ndani yake.

Sasa tuzichukue hoja zao moja baada ya moja.

*HOJA YAO YA KWANZA: "ANA PESA ZAKE"*

Ndugu yangu, fungua Suratut Talaq, aya ya 6. Allah anazungumzia wanawake walioachwa, ndoa imeshavunjika. Wakiwa wana mimba, Allah amemwamrisha mwanamume awahudumie mpaka wajifungue. Fikiri kidogo hapo. Mwanamke uliyemwacha, ambaye pengine hamsalimiani tena, madhali ana mimba yako kumlisha ni wajibu wako. Je, huyu aliye ndani ya nyumba yako, anayekufulia kanzu unayokwenda nayo Ijumaa, ndiye hana haki?

Kisha soma Suratul Baqara, aya ya 233. Humo chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha vimewekwa juu ya baba wa mtoto, kwa wema na kwa kadiri ya uwezo wake. Aya haikuweka sharti kwamba mama awe fukara. Haikusema "ikiwa hana kazi".

Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, aliulizwa na swahaba wake haki ya mke juu ya mume. Imo katika Sunan Abu Dawud. Jambo la kwanza alilolitaja ni kumlisha. Na pale Hind binti Utba alipomlalamikia kuwa mumewe Abu Sufyan ni bahili, Mtume alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake kwa wema. Kisa hicho kimo katika Bukhari na Muslim. Na Hind hakuwa maskini wa kuokota, alikuwa binti wa mkubwa wa Makureshi! Utajiri wa kwao haukumwondolea Abu Sufyan wajibu wake.

Mshahara wa mke ni mali ya mke. Akitoa kusaidia nyumba, hiyo ni sadaka na ni ihsani, na malipo yake yako kwa Mola wake. Mume anamshukuru. Lakini ihsani ya mtu haigeuzwi kuwa wajibu juu yake, kisha wewe mwenye wajibu ukakaa pembeni unatafuna mirungi.

*HOJA YAO YA PILI: "ANATOKA NYUMBANI, HIVYO NAFAQA IMEANGUKA"*

Hawa ni wale waliosoma ukurasa mmoja wa kitabu wakafunga. Ni kweli wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafii wamezungumzia mke anayetoka bila idhini ya mumewe, kwamba haki yake ya nafaqa huathirika. Lakini nakuuliza wewe unayejificha nyuma ya maneno hayo: mkeo alitoka bila idhini yako? Si wewe uliyemtafutia barua ya kazi kwa yule jamaa yako? Si wewe unayeijua tarehe ya mshahara wake kuliko yeye mwenyewe? Si wewe unayepanga kiwanja kilipwe kwa pesa hizo? Umemruhusu, umenufaika, kisha chakula kikitakiwa unasema ametoka! Huo ni ujanja, na Allah hadanganywi kwa ujanja.

Wengine wanakwenda mbali zaidi. Wanasema: "Sheikh, katika vitabu vya fiqhi vya kwetu, dawa na ujira wa tabibu haviko juu ya mume." Nakubali, yameandikwa hayo katika Minhaj ya Imam Nawawi. Lakini soma mbele kidogo pale pale, utakuta kwamba chakula cha mke katika siku za ugonjwa, pamoja na kitoweo chake, ni haki yake. Mbona hukufika hapo? Na wanavyuoni wengi wa zama zetu wanasema matibabu nayo yameingia katika mahitaji ya lazima ambayo mume hawezi kuyakwepa, kwa sababu maisha ya leo si kama ya wakati ule. Lakini leo sikutaki uende huko kwenye khitilafu. Nakusimamisha kwenye kitu ambacho hakina khitilafu: sahani.

*HOJA YAO YA TATU: "BIBI ZETU WALIZAA KUMI KWA UGALI NA CHUMVI"*

Bibi zako walizaa kumi, na ukienda makaburini utaona vikaburi vidogo ambavyo hakuna anayevihesabu. Na wapo bibi waliokufa kwenye uzazi wakiwa na miaka ishirini, hao hawakuishi wakaja kukusimulia. Tusiifanye misiba ya wazee wetu kuwa sunna.

Tena bibi zetu hawakula ugali na chumvi. Walikula kisamvu kilichotwangwa na nazi, kunde, choroko, samaki wa mtego wa asubuhi, mapera na maembe ya uani. Sisi ndio tuliohamia mjini tukaviacha vyote hivyo, tukashika chipsi na soda.

Sasa sikilizeni mambo haya, kwa sababu Allah ametuamrisha tuwaulize wenye ujuzi, na wenye ujuzi wa jambo hili ni madaktari, wakunga na maafisa lishe.

Mwanamke akiwa mjamzito, damu mwilini mwake huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi chake cha kawaida. Ili damu hiyo iwe na nguvu yahitajika madini ya chuma. Mtoto naye anachukua chuma kwa mama yake, hata kama mama mwenyewe hana cha kutosha. Ndiyo maana kliniki wanapima wingi wa damu. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa mjamzito ana upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 11 kwa desilita (chini ya 10.5 katika miezi mitatu ya kati), na chini ya 7 ni upungufu mkali. Katika utafiti wa taifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015 na 2016, wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa kuzaa walikutwa na upungufu wa damu. Karibu nusu ya mama zetu na dada zetu!

Upungufu wa damu unaanza kimya kimya. Mama anachoka, anapanda ngazi mbili moyo unamwenda mbio, kichwa kinazunguka, kucha na midomo inapauka. Mume anasema: "Huyu siku hizi mvivu." Kumbe damu. Kisha inafika siku ya kujifungua. Kila mwanamke anapoteza damu siku hiyo, na wataalamu wanasema ikizidi nusu lita hiyo ni hatari. Mwenye damu ya kutosha anaweza kuvumilia. Aliyeingia chumba cha uzazi akiwa hana akiba, kiasi kile kile kinaweza kumwondoa duniani.

Nitawapa kisa kimoja. Sitaji mtaa wala majina. Nililetewa wanandoa wasuluhishwe. Mke anafanya kazi kiwandani, anasimama tangu asubuhi mpaka jioni. Mimba miezi saba. Chakula chake: asubuhi chai ya rangi na andazi, mchana mihogo ya kukaanga ya mlangoni, usiku anapika kwa ajili ya mume, mama mkwe na mashemeji wawili, yeye anakula kilichobaki. Mshahara wake unalipia kiwanja ambacho hati yake ina jina la mume peke yake. Kliniki wamempima, damu yake ni 7. Nikamwambia mume aliyoyasema Allah katika Suratut Talaq. Akaniangalia, akaniuliza: "Sheikh, na mshahara wake je?"

Yule mama alijifungua salama, alhamdulillah, lakini baada ya kuongezewa damu chupa mbili. Chupa moja alitoa kijana wa madrasa yetu, ambaye mpaka leo hamjui mama yule hata kwa sura. Mtu baki ametoa damu yake kwenye mshipa, na mume ameshindwa kutoa kibaba cha maharage. Mwenye akili na azingatie.

*HOJA YAO YA NNE: MIKO NA DESTURI*

Hapa nawasemesha mama zangu, kina mama wakwe na mawifi, kwa heshima zote.

Zipo nyumba mjamzito anakatazwa mayai, eti mtoto atazaliwa hana nywele. Zipo nyumba anaambiwa apunguze kula ili mtoto awe mdogo na uzazi uwe mwepesi. Mama zangu, nani kawaambia? Yai ni halali aliyoihalalisha Allah, na katika Suratul Maida, aya ya 87, tumekatazwa kuviharamisha vizuri ambavyo Yeye ametuhalalishia. Yai halinyoi mtu nywele. Yai lina kile kinachoujenga mwili na ubongo wa mtoto. Na mtoto aliyenyimwa chakula tumboni huzaliwa na uzito mdogo, na mtoto wa uzito mdogo yuko karibu zaidi na maradhi na mauti. Wepesi wa uzazi uko mikononi mwa Allah, na sababu zake ni kuhudhuria kliniki na kujifungulia kwenye kituo cha afya. Njaa si sababu ya wepesi.

Na wewe unayetafuna udongo ule wa sokoni, wanaouita pemba: najua hamu ya mimba haina adabu. Lakini udongo ule unaweza kuzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, unaweza kuleta minyoo na sumu ya madini ya risasi. Tena hamu hiyo huwapata sana wenye upungufu wa damu. Ukijiona unatamani udongo, nenda kapime damu.

Angalieni Allah alivyomtendea Bi Maryam, alayhas salaam. Uchungu ulimshika akiwa peke yake chini ya shina la mtende, katika huzuni kubwa. Katika Sura yenye jina lake, Allah alimwekea kijito cha maji chini yake, akamwamrisha alitikise shina limwangushie tende mbivu, akamwambia ale na anywe na atulie. Yaani katika saa nzito kabisa ya maisha yake, aliletewa chakula, maji na maneno ya kumtuliza. Bi Maryam hakuwa na mume wa kumletea. Allah Mwenyewe alimruzuku. Mkeo anaye mume. Yuko wapi?

*SASA ALE NINI?*

Msiniambie ni vyakula vya matajiri. Sikuandika hapa nyama choma wala matunda ya kwenye boksi. Naandika vya sokoni kwetu.

1. Kila siku awe na kitu cha jamii ya kunde: maharage, kunde, choroko, dengu au njugu mawe. Kila anapoweza aongeze dagaa, samaki, yai au nyama. Dagaa wanaliwa na mifupa yao, mwili unapata na chokaa. Maini ni mazuri kwa damu, lakini yaive vizuri na yawe mara moja moja tu, kwa sababu vitamini A ikizidi sana inaweza kumdhuru mtoto.

2. Mboga za majani: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga. Usizipike mpaka zikawa nyeusi, kisha ukamwaga maji yake.

3. Tunda baada ya chakula: chungwa, pera, embe, papai bivu, au kamulia ndimu kwenye maharage. Uchachu huo unausaidia mwili kuchukua chuma kilichomo kwenye mboga na maharage.

4. Chai na kahawa ziwe mbali na chakula, angalau saa moja. Chai ikinywewa pamoja na mlo inazuia chuma kisiingie mwilini. Hapa ndipo mama zetu wanapoharibikiwa: mlo mzuri wa maharage juu yake kikombe kikubwa cha chai ya rangi.

5. Hatusemi ale mara mbili ya alivyokuwa akila. "Kula kwa ajili ya wawili" hakuna maana ya sahani mbili za wali. Mimba ikishakua, mlo mmoja mdogo wa ziada kwa siku unatosha: ndizi mbili na karanga, au uji wa ulezi wenye maziwa, au kiazi kitamu na yai. Allah amekataza israfu hata katika halali.

6. Anywe maji safi ya kutosha. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya kwenye kopo, dada zangu mnaofanya kazi za zamu, achaneni navyo. Vimejaa sukari na kafeini, na uchovu wa mjamzito hautibiwi kwa kafeini.

7. Ameze vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki, kila siku. Vina madini ya chuma na asidi ya foliki. Vikimletea kichefuchefu amwambie mkunga, anaweza kushauriwa avimeze usiku au pamoja na chakula kidogo. Choo kikiwa cheusi asitishike, ndivyo vilivyo. Mabinti wengi wanavipokea, wanavifungia kabatini. Hiyo ni amana umeipewa kwa ajili ya mtoto.

Na jambo moja ambalo wengi hawalijui. Uti wa mgongo na ubongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo tangu mimba kutungwa, wakati mama mwenyewe pengine hajajua kama ana mimba. Asidi ya foliki ikipungua siku hizo, hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi huongezeka. Kwa hiyo wewe kijana uliyeoa mwezi uliopita, chakula cha mkeo na vidonge hivyo havisubiri tumbo lionekane. Nendeni kituo cha afya mkaulize mapema.

*KWA WAAJIRI WAISLAMU*

Sikuwasahau ninyi wenye maduka, viwanda, shule na hoteli. Mnaswali safu ya kwanza, mnatoa futari Ramadhani, na mfanyakazi wenu mjamzito hapewi nafasi ya kula mchana. Anameza tonge amesimama nyuma ya kaunta kama mwizi.

Hapa kwetu Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya dakika 60. Inakataza mjamzito kupewa kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto wake. Inakataza kumfanyisha kazi ya usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua. Na inampa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Muislamu anafungwa na masharti aliyoyakubali, na sheria hiyo uliikubali ulipochukua leseni ya biashara. Mpe kiti. Mpe saa yake ya kula. Mpe ruhusa ya kwenda kliniki bila kumkata pesa. Ukiyafanya hayo kwa ajili ya Allah, ni ibada.

Na wapo wasio na mwajiri: mama ntilie, mchuuzi wa samaki, msusi. Huyu mama ntilie ni ajabu ya dunia. Anapikia watu arobaini nyama na maharage, kisha saa tisa anakwangua ukoko ndio chakula chake. Mama yangu, jiwekee sahani yako kwanza kabla hujafungua sufuria kwa wateja. Huo si uchoyo. Nafsi yako ina haki juu yako.

*NA SAUMU JE?*

Najua wengi mtauliza. Mjamzito akichelea nafsi yake au mtoto wake, ameruhusiwa kufungua. Imepokewa kutoka kwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, kuwa Allah amemwondolea mjamzito na anayenyonyesha faradhi ya kufunga wakati huo. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, akifungua kwa kujihofia mwenyewe atalipa siku zake. Akifungua kwa kumhofia mtoto peke yake, atalipa siku na atatoa kibaba cha chakula kwa kila siku kumpa maskini. Amsikilize daktari, kisha amuulize sheikh wake.

Lakini mume anayemwambia mkewe mwenye damu ya 8, anayeshinda juani, "mbona mke wa fulani anafunga?", huyo ameingilia rukhsa ya Allah. Nani amekupa mamlaka ya kuibana rehema aliyoipanua Mola wako? Na mtu akimwona mjamzito anakunywa maji mchana wa Ramadhani, ainamishe macho yake aende zake.

*NENO KWA DADA ZANGU*

Nimewasemea, na ninyi mna sehemu yenu. Wapo wenye pesa, mume ametoa, lakini mchana ni chipsi yai na soda kila siku, mchicha unaonekana chakula cha maskini. Hiyo nayo ni dhulma juu ya mtoto. Beba chakula chako cha nyumbani kwenye kopo, usione haya. Hudhuria kliniki tangu miezi ya mwanzo. Na ukiona mume hatoi, usikae kimya ukidhani kunyamaza ndio subira. Hind hakunyamaza, alikwenda kwa Mtume. Sema na mumeo kwa upole, asiposikia sema na wazee wako, asiposikia njoo kwa imamu wa msikiti wako. Ofisi ya imamu haikuwekwa kwa ajili ya kufungisha ndoa tu.

*MUHTASARI*

Ndugu yangu, Mtume wetu ametufundisha kuwa inamtosha mtu kuwa mwenye dhambi kwa kuwapuuza wale ambao riziki yao iko mikononi mwake. Na ametufundisha kuwa katika pesa zote anazotoa mtu, zenye ujira mkubwa zaidi ni zile anazowalisha watu wa nyumbani kwake. Pande zote mbili zimo kwenye sahani ile ile. Ukiijaza ni thawabu, ukiiacha tupu ni dhambi.

Kwa hiyo fanya haya, tena kuanzia leo. Ukitoka swala ya Alasiri pita sokoni. Nunua maharage, dagaa, mchicha na machungwa. Huna pesa? Punguza bando, punguza soda ya barazani, punguza kubeti ambako ni haramu toka hapo. Ukifika nyumbani usimkabidhi mfuko ukamwambia apike. Amesimama kutwa! Mwambie akae, washa jiko wewe. Bi Aisha, radhi za Allah zimshukie, alipoulizwa Mtume anafanya nini akiwa nyumbani, alisema kuwa alikuwa akiwahudumia watu wake. Nani katika sisi ni mwanamume kuliko Mtume wa Allah?

Kisha mpakulie kwanza yeye. Kipande kizuri cha samaki kiwe chake. Wazee na watoto watapata, na wewe utapata. Mkae, mle pamoja, na umuulize: "Leo umemeza vidonge vyako?"

Ewe Mola wetu, wahifadhi wajawazito wetu wote, walio majumbani, mashambani, viwandani na sokoni. Wape afya na uzazi mwepesi, na uwaruzuku watoto wema wenye afya. Zilainishe nyoyo za waume zao. Warehemu mama zetu waliofariki kwenye uzazi, na uwaandikie daraja ya mashahidi. Amin, amin, ya Rabbal alamin.

Ukiona yana manufaa, wasomee na wenzako barazani, hasa yule unayejua kuwa mkewe ana mimba.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.